Mtazame Adui Usoni

Liko shauri moja ambalo vijana hupewa kila uhasama unapozuka baina ya watu na watu. Halifundishwi darasani wala haliandikwi vitabuni. Hunong'onwa mekoni, vilabuni na pembezoni mwa mikutano ya siasa. Shauri lenyewe ni hili: adui asitazamwe usoni, maana amtazamaye humhurumia, na amhurumiaye adui hushindwa. Nimelisikia likitolewa na watu wenye mvi ambao kwa mambo mengine nawaheshimu.

Katika kurasa hizi nakusudia kulipinga. Nadai kwamba adui hana budi kutazamwa usoni, tena atazamwe sana. Na kwamba chombo kimoja kidogo, yaani kamera, chaweza kutusaidia katika kazi hiyo kuliko hotuba nyingi. Lakini nadai pia, na hapa huenda nikakosana na wapenda picha, kwamba chombo hicho hicho kimetumika mara nyingi kumtengeneza adui mahali ambapo hakuwapo. Kwa hiyo, msomaji, usinikubalie upesi. Nisikilize kwanza, kisha upime.

Nianze na kisa nilichokishuhudia. Katika mji mmoja mdogo wa Bonde la Ufa palikuwa na mpiga picha mwenye duka la chumba kimoja. Ukutani alitundika pazia lililochorwa bahari na minazi, ijapokuwa bahari yenyewe iko mbali na mji ule mwendo wa siku nzima kwa basi. Mbele ya pazia palikuwa na kigoda. Kwa miaka zaidi ya ishirini watu wa mji ule walikikalia kigoda hicho: maharusi, watoto waliobatizwa, wanafunzi waliofaulu mitihani, wazee waliohitaji picha za vitambulisho. Nyuma ya mlango lilining'inia koti moja jeusi, ambalo kila kijana asiye na koti aliruhusiwa kulivaa kwa dakika tano. Mwenye duka hakumwuliza mtu kabila lake. Aliuliza kama mteja ataka picha moja au tatu, kisha akamwambia ainue kidevu kidogo.

Ukaja uchaguzi wa Desemba 2007, na baada yake mwezi wa Januari 2008, ambao watu wa rika langu hawapendi kuukumbuka. Katika nchi nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Mji ule nao ulipata fungu lake. Sitayataja majina ya makabila yaliyopigana pale. Wakenya wayajua, na kuyataja ni kumpa msomaji nafasi ya kuchagua upande kabla hajakisikia kisa.

Moto ulipopoa, wateja wa kwanza kurudi dukani hawakuja kupigwa picha. Walikuja kutafuta picha. Nyumba zao zilikuwa zimeteketea, na picha za ukutani zimeteketea pamoja nazo. Mama aliyefiwa na mwanawe hakuwa na kitu hata kimoja cha kuonyesha kwamba mtoto yule alipata kuwa na uso. Basi mpiga picha akateremsha kutoka juu ya kabati mikebe ya biskuti aliyohifadhia filamu zake za zamani, akawa anawatafutia watu maiti wao katika mikebe ile, siku baada ya siku, bila kudai malipo ila ya karatasi.

Nilikuwapo siku alipokuja mzee mmoja kutafuta picha ya mwanawe. Filamu za zamani hizo zilikatwa vipande vipande vya picha tano au sita, na kila kipande kilikuwa kama utepe. Utepe ulipopatikana, mzee aliuinua dirishani penye mwanga. Picha ya tatu ilikuwa ya mwanawe, amevaa lile koti jeusi. Picha ya nne ilikuwa ya kijana wa upande wa pili, mtoto wa jirani, ambaye mzee yule alikwisha kusikia akitajwa miongoni mwa waliochoma nyumba. Naye amevaa koti lile lile. Siku ile walikuwa wamefuatana dukani, wakavuliana koti. Na kwa nini wasifuatane? Walikuwa wamesoma darasa moja.

Mzee aliutazama utepe ule kwa muda mrefu. Mpiga picha, kwa adabu, akamwuliza, "Mzee, nikukatie ya mwanao peke yake?" Mzee akajibu neno moja tu: "Usikate."

Sikumwuliza alikusudia nini. Hata leo sijui kama neno lile lilikuwa la msamaha, au la kisasi, au la mtu aliyeogopa tu mkasi usiiguse picha ya mwanawe. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani utepe ule ulikifanya. Haukusema kwamba kijana wa picha ya nne hana hatia. Picha haina uwezo wa kumsafisha mtu. Ulichofanya ni kumnyima yule mzee jambo moja ambalo kila chuki hulihitaji, nalo ni kuamini kwamba adui amekuwa adui tangu kuzaliwa. Yule kijana alikuwa na jana yake, na jana hiyo ilikuwa imekaa kwenye kigoda kimoja, mbele ya minazi ile ile, kifua chake kimefunikwa na koti lililokuwa bado na joto la rafiki yake.

Sasa fikiri, msomaji, jinsi adui anavyotengenezwa. Kwanza huondolewa jina, kisha huondolewa uso. Nchini Rwanda, kabla ya mauaji ya mwaka 1994 na wakati wa mauaji yenyewe, Watutsi waliitwa mende. Kwetu, katika fujo ya mwaka 2007 na 2008, majirani waliitwa madoadoa, wakaitwa kwekwe. Yachunguze maneno hayo kama unavyochunguza maneno ya shairi. Doa halina macho. Kwekwe haina mama. Mende haketi kwenye kigoda akaambiwa ainue kidevu. Waliobuni maneno hayo hawakuwa wajinga wa lugha. Walijua vizuri kwamba ni vigumu kumpiga panga mtu ambaye umemtazama naye akakutazama, lakini doa hufutwa na kwekwe hung'olewa, wala mkulima haoni aibu. Basi wale wanaotushauri tusimtazame adui usoni wanatutaka tuimalize kazi iliyoanzwa na watungaji wa matusi.

Kama picha ya uso yaweza kuirudisha sura iliyofutwa na tusi, je, kila picha ya uso hufanya hivyo? La hasha. Ziko picha ambazo ni tusi lenyewe.

Wanafunzi wengi wa Kenya wameiona picha ya Dedan Kimathi baada ya kukamatwa. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 katika wilaya ya Nyeri, akiwa amejeruhiwa kwa risasi, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Katika picha ile amelala, mikono yake imetiwa pingu, nywele zake ni za mtu aliyekaa msituni miaka. Picha hiyo haikupigwa ili watu wamfahamu Kimathi. Ilipigwa ili waone kwamba yule aliyeogopwa amelazwa chini. Kamera ilikuwa juu na mtu alikuwa chini, na katika kazi ya picha aliye juu ndiye anenaye. Si ajabu kwamba sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 2007, katika mtaa wa Nairobi uitwao kwa jina lake, inamwonyesha amesimama wima. Waliomheshimu hawakutaka akae mjini daima katika namna ile ambayo waliomkamata walitaka aonekane. Hata hivyo picha ya pingu nayo haikuwatii wenyewe. Leo vijana huivaa kifuani kwenye fulana, na ukiyatazama macho yale utaona kwamba mtu aliyelala anamtazama aliyesimama, wala hamwombi kitu.

Kwa picha za namna hiyo nina swali moja ambalo natamani kila mwanafunzi alibebe kama abebavyo kalamu: je, aliyepigwa picha hii aliweza kukataa? Kama aliweza kukataa, akakubali, basi mbele yetu yuko mtu aliyejitoa aonekane, naye anatuambia jambo. Kama hakuweza kukataa, basi kwanza tunamwona aliyemshika, hata kama aliyemshika hayumo katika picha.

Swali hilo ni rahisi kuuliza, lakini jibu lake si rahisi kila mara. Ndiyo maana nitakieleza kwa urefu kisa kingine, kilichotokea Aljeria, kwa kuwa sijui kingine kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi picha iwezavyo kumgeuka yule aliyeiamuru.

Mwaka 1960 Waaljeria walikuwa katika mwaka wa sita wa vita vya kujikomboa kutoka kwa Ufaransa. Ili kuwatenga wapiganaji na wanakijiji waliowalisha, jeshi la Kifaransa liliwaondoa watu zaidi ya milioni mbili makwao, likawakusanya katika vijiji vilivyolindwa. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Watu wa Mkoa wa Kati waliwekwa katika vijiji vya namna hiyo hiyo wakati wa Hali ya Hatari, na wajukuu wao wamo katika madarasa yenu. Baada ya kuwakusanya watu, jeshi liliamuru kila mmoja awe na kitambulisho chenye picha yake.

Katika jeshi hilo alikuwamo kijana wa miaka 25, jina lake Marc Garanger, aliyeingizwa jeshini kwa sheria kama vijana wengine wa nchi yake. Vita ile hakuipenda. Lakini alikuwa mpiga picha, na mkubwa wake akamwamuru awapige picha wanavijiji. Kwa muda wa siku kama kumi aliwapiga picha watu wapatao 2,000, wengi wao wanawake, kiasi cha 200 kwa siku. Kila mwanamke aliketishwa kwenye kigoda nje, mbele ya ukuta mweupe. Tena aliamriwa auondoe ushungi wake, mbele ya mwanamume mgeni, askari wa jeshi lililomtoa nyumbani kwake. Katika desturi zao jambo hilo lilikuwa kama kuvuliwa nguo.

Je, waliweza kukataa? Hawakuweza. Kwa kipimo changu, picha zile ni za mateka, na hapo ningeweza kuufunga mjadala. Lakini zitazame. Wanawake wale hawakuweza kuikataa kamera kwa miguu yao wala kwa midomo yao, wakaikataa kwa macho. Wako vikongwe wenye chanjo za mapambo kwenye paji la uso na kidevuni. Wako wasichana wa umri wenu. Baadhi yao wanaitazama kamera kama mtu atazamavyo mlango wa nyumba yake uliovunjwa usiku. Garanger mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliyapokea macho yale kwa karibu mno, akawa shahidi wa kwanza wa upinzani wao usio na sauti. Na kwa maelezo yake huyo huyo, mkubwa wake alipoletewa picha zile alicheka, akawaita wenziwe waje waone ubaya wa wanawake hao, akawafananisha na nyani.

Hapa tusimame kidogo. Picha ni zile zile. Karatasi ni ile ile. Mmoja aliona nyani, mwingine aliona watu waliokasirika kwa haki. Kama picha ingekuwa inasema yenyewe, kama wapenda picha wanavyopenda kutuambia, mkubwa yule naye angesikia. Hakusikia, kwa sababu alikwisha kuamua kabla hajatazama. Kwa hiyo nawapinga pia wale wasemao kwamba yatosha kuonyesha watu picha, nao wataelewa. Uso ni maandishi, na maandishi huhitaji msomaji. Shuleni tumefundishwa kusoma barua, shairi na ramani. Ni nani kati yetu aliyefundishwa kuusoma uso wa mtu ambaye ameambiwa amchukie?

Garanger hakunyamaza. Alipopata likizo alizichukua baadhi ya picha hadi Uswisi, zikachapishwa huko. Aljeria ilipata uhuru wake mwezi wa Julai 1962. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1982, alitoa kitabu cha picha za wanawake wale. Na mwaka 2004, akiwa mzee, alirudi Aljeria akiwa na picha mkononi, akawatafuta waliokuwa bado hai. Aliwapata kadhaa, nao walimkaribisha. Kwa wengine picha ile aliyowapiga kwa amri ya jeshi ilikuwa ndiyo picha pekee waliyopata kupigwa katika ujana wao.

Sisemi kwamba Garanger alitenda haki mwaka 1960. Alitii amri ambayo pengine angeweza kuipinga, ingawa sijui mimi ningefanya nini katika viatu vya askari wa miaka 25 aliye mbali na kwao. Nasema tu kwamba aliporudi na picha zile, wanawake wale kwa mara ya kwanza waliweza kumwambia hapana, wakamwambia karibu. Safari hiyo ilimchukua miaka 44.

Wako waliojaribu njia iliyo kinyume na ile ya jeshi, wakaanza na idhini. Mwaka 2007 wasanii wawili kutoka Ufaransa, wajulikanao kwa majina ya JR na Marco, waliwapiga picha Waisraeli na Wapalestina wafanyao kazi moja, mathalani madereva wa teksi na walimu, wakawataka waikunjie kamera nyuso zao kama watoto wanaochekesha. Kisha wakazikuza picha hizo hadi zikawa kubwa kama ukuta wa nyumba, wakazibandika mbili mbili katika miji ya pande zote mbili, na hata kwenye ukuta mrefu uliowatenganisha watu hao. Wapita njia walisimama, wakaulizana ni yupi Mwisraeli na ni yupi Mpalestina. Wengi walikosea.

Hapo mpinzani wangu atacheka. Atasema, "Na kilipatikana nini? Ukuta ungali pale. Mwezi wa Oktoba 2023 vita vikubwa vikazuka tena, na watu wakafa kwa maelfu." Asema kweli, wala sitaificha kweli hiyo chini ya mkeka. Picha hazikuzuia vita. Lakini mimi sikudai kwamba picha huzuia vita. Sabuni nayo haijapata kuuzuia ugonjwa usirudi duniani, wala hatujaacha kunawa. Nilidai kwamba picha ya uso huweza kutufahamisha adui ni nani, na yule mpita njia aliyekosea alifahamu jambo moja asubuhi ile: kwamba alama aliyodhani imeandikwa usoni mwa adui haikuwapo.

Mpinzani wangu ana hoja nyingine, nayo ni nzito kuliko ile ya kwanza, na nakiri ilinisumbua siku nyingi. Asema: "Hata muuaji hutabasamu mbele ya kamera. Ukimwonyesha mtoto picha ya muuaji akitabasamu, utamfundisha kuyadharau mauaji." Hoja hii ina mfano wake. Mwaka 2007 jumba la makumbusho la Marekani linalohifadhi kumbukumbu za mauaji ya Wayahudi lilipata albamu ya picha ya ofisa mmoja wa Kijerumani aliyetumika katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944. Katika albamu hiyo hakuna mfungwa hata mmoja. Wamo maofisa na wasichana wa ofisini wakiimba kwa kinanda cha mkono, wakila matunda, wakicheka mvua inapowanyeshea. Mahali pale pa mapumziko hapakuwa mbali na matanuri.

Nilipoziona picha hizo mara ya kwanza nilitaka kuzifunika. Nilitamani kuona pembe na mikia. Kisha nikatambua kwamba tamaa ile ya kuona pembe ndiyo ugonjwa wenyewe. Ningekuwa nimeona pembe, ningelala usingizi nikijua kwamba mimi sina pembe na jirani zangu hawana, basi jambo kama lile haliwezi kutokea kwetu. Picha zile zilininyima usingizi huo. Zaonyesha watu wenye meno, wenye nyimbo, wenye marafiki, ambao baada ya kucheka walirudi kazini. Na kazi yao twaijua. Kumfahamu adui si kumwachilia. Hakimu humfahamu mshtakiwa kuliko umati uliokuja na mawe, na ndiye aliye na haki ya kumhukumu. Anayedhani kwamba ufahamu ni udhaifu amewachanganya wawili hao.

Tena tusidhani kwamba picha njema ni ile inayoonyesha mapatano. Mwezi wa Aprili 2014, miaka 20 baada ya mauaji ya Rwanda, gazeti moja la Marekani lilichapisha picha alizozipiga Pieter Hugo, mpiga picha wa Afrika Kusini, katika vijiji vya kusini mwa Rwanda. Kila picha ina watu wawili: aliyetenda, na aliyetendewa au aliyefiwa. Wote walikubali kupigwa. Walikuwa wamepitia miezi ya mashauri, wengine wameomba msamaha na wengine wameutoa. Mtu angetarajia kukumbatiana. Lakini katika picha zile wako waliosimama karibu karibu, mkono wa mmoja juu ya bega la mwenziwe. Na wako waliosimama kama watu waliokutana kwenye foleni, baina yao nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuivuka. Wengine walifika wakipiga soga za kijijini. Wengine walikubali picha tu, wala si zaidi ya picha.

Mimi naipenda nafasi ile iliyobaki baina yao kuliko tabasamu zote za mabango ya amani. Nafasi ile haisemi uongo. Inaonyesha pesa ngapi zimelipwa katika deni na ngapi zimebaki. Mwanamke aliyepoteza watoto wake anasimama hatua moja kutoka kwa mtu aliyehusika. Hatua hiyo moja ni safari ya miaka 20, na hatua iliyobaki ni yake mwenyewe, si ya mpiga picha, wala ya serikali, wala yangu, wala yako wewe msomaji.

Sasa niseme nanyi juu ya jambo lililo karibu zaidi. Siku hizi kamera haikai dukani nyuma ya pazia. Imo mifukoni mwenu. Sijui kama yuko kijana kati yenu ambaye hajapata kuletewa kwa simu picha ya mtu aliyekamatwa: mwizi wa kuku aliyefungwa kamba, mgeni aliyeshukiwa sokoni, mwanafunzi wa shule ya mahasimu aliyeangushwa matopeni. Uso umevimba, macho yamefumba kwa mwanga, na chini yake maneno ya kicheko. Picha hiyo ni ndugu ya ile ya jeshi la mwaka 1960, tena ina upungufu kuliko ile, kwa maana jeshi lilikuwa na ukuta mweupe na kigoda, na mpiga picha wake aliona haya. Aipelekaye kwa mwenziwe anasimama mahali pa yule mkubwa aliyeita wenzake waje wacheke. Najua watu wataniambia kwamba yule ni mwizi kweli. Huenda. Lakini waliompiga picha hawakutaka kujua aliiba nini, wala kwa nini. Walitaka kuonekana wamemshika.

Na wako miongoni mwenu wenye shule ambazo kila muhula hupigana mawe na shule jirani, kwa sababu ambazo hata walimu wamezisahau. Ningependa kuona jambo moja likijaribiwa, na sioni kwa nini lisijaribiwe mwaka huu. Waketi watano wa shule hii na watano wa shule ile, kwenye kigoda kimoja, mbele ya ukuta mmoja, wavae koti moja kwa zamu, na kila mmoja aruhusiwe kukataa. Picha zao zitundikwe katika shule zote mbili bila majina ya shule. Sina hakika zitakaa ukutani kwa muda gani kabla mtu hajazitia wino. Lakini yule atakayetia wino itambidi kwanza asimame karibu, achague jicho la kuanzia, asije akakosea na kuufuta uso wa nduguye.

Nilipita katika mji ule wa Bonde la Ufa si zamani sana. Duka lingalipo. Mwenyewe amezeeka, na kazi ameiacha kwa binti yake, ambaye hutumia kamera isiyo na filamu. Kila picha hukaa peke yake, na ukitaka kuifuta unaifuta bila kuigusa ya jirani. Pazia la minazi limechanika na limewekwa jingine lenye picha ya majumba marefu. Koti halipo tena. Nilimwuliza mzee wa picha kama yule baba alirudi. Akaniambia alirudi, akalipa, akachukua picha moja, ya mwanawe. Utepe wenyewe uko mkebeni, haujakatwa.